Kete Ikishashuka Hairudi: Uhakiki wa Michezo ya Zamu ya Jamii ya Rogue

UTANGULIZI

Muhula uliopita, katika semina ya nadharia za uhakiki, niliinua mkono nikauliza kama mchezo wa kompyuta unaweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au tamthiliya. Darasa zima lilicheka. Mwalimu wetu hakucheka. Alinirudishia maswali mawili: Hadithi yake iko wapi? Na mtunzi wake ni nani? Muda ulikuwa umekwisha, nikatoka na maswali yangu hadi bwenini.

Makala haya ni jaribio la kuyajibu maswali hayo. Sitazungumzia magemu yote, maana yako mengi kama samaki wa baharini, na mengine kweli hayana zaidi ya kelele na risasi. Nitatazama aina moja tu: michezo ya mbinu inayochezwa kwa zamu, yenye ukoo na mchezo wa zamani uitwao Rogue. Mfano wangu mkuu ni Into the Breach, mchezo uliotolewa mwaka 2018 na Subset Games, studio ya Justin Ma na Matthew Davis. Nimeuchagua kwa sababu ni mdogo, hata laptopu kuukuu ya mwenzangu wa chumbani iliubeba bila kulalamika. Sababu ya pili nitaisema wazi, kwa kuwa mhakiki anayeficha mahali alipokaa huwapotosha wasomaji wake. Niliucheza mchezo huu katika mwezi ambao nilikuwa na sapu mbili na sikuwa nimemwambia mama.

Swali ninalotaka kulifuatilia ni hili: kwa nini mtu mwenye akili zake ashindwe, afutiwe kila kitu alichokijenga kwa saa mbili, halafu aanze tena palepale huku anatabasamu? Mvuto huo unatoka wapi?

CHIMBUKO LA MICHEZO HII

Rogue ilibuniwa mnamo mwaka 1980 huko California, Marekani, na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu kama sisi, Michael Toy na Glenn Wichman. Baadaye Ken Arnold wa Berkeley aliungana nao. Wakati ule kompyuta za vyuo hazikuwa na picha. Zilikuwa na herufi. Kwa hiyo shujaa wa Rogue ni alama ya @ inayotembea gizani, na madude yanayomwinda ni herufi 26 za alfabeti, kuanzia A hadi Z. Shujaa anashuka pangoni ngazi baada ya ngazi kutafuta hirizi iitwayo Hirizi ya Yendor, kisha anatakiwa apande nayo juu akiwa hai. Wengi hawapandi.

Kabla ya hapo michezo ya masimulizi ilikuwa na kasoro moja kubwa: ukishaumaliza, umeujua. Pango ni lilelile, hazina iko palepale. Toy na Wichman walitaka mchezo ambao hata wao waliouandika ungeweza kuwashangaza. Wakaiachia programu kazi ya kupanga vyumba, njia, silaha na maadui upya kila mara. Kisha wakaongeza sharti la pili, ambalo ndilo roho ya michezo hii: shujaa akifa, amekufa. Unaweza kuhifadhi mchezo ukalale, lakini ukiurudia tu, ile nakala iliyohifadhiwa inafutwa, ili usije ukajifanya mjanja wa kufufua maiti.

Kutoka hapo ukoo ukapanuka. NetHack ilitoka mwaka 1987, na bado ina wapenzi hadi leo. Mwaka 2008 watengenezaji na wapenzi wa michezo hii walikutana Berlin, Ujerumani, wakaorodhesha sifa zinazoutambulisha ukoo huo. Miongoni mwake ni dunia inayopangwa upya kila mara, kifo kisicho na marejeo, kucheza kwa zamu, kutembea katika miraba, na kubana matumizi ya kidogo ulicho nacho. Kwa kipimo hicho kikali Into the Breach si mtoto halali kabisa, kwani haina pango la kushuka wala shujaa mmoja wa kumfuata. Lakini damu ni ileile, na nyuso zinafanana.

MUHTASARI WA KISA

Dunia imefunikwa na bahari, visiwa vimebaki vichache, na chini ya ardhi yanachomoza madude makubwa kama wadudu, yaitwayo Vek. Marubani watatu wanatoka wakati ujao, ambako vita imekwisha kupotea, wanarudi nyuma na mashine tatu za kivita ili kujaribu kuibadili historia. Wakishindwa, rubani mmoja aliye hai anapita katika ufa wa wakati kwenda kwenye dunia nyingine inayofanana na ile, kuanza upya. Wengine wanabaki na dunia inayokufa.

Hicho ndicho kisa kizima. Kikiandikwa kwenye karatasi ni kifupi kuliko ngano ya sungura na fisi. Kwa hiyo anayetafuta hadithi katika maneno ya mchezo huu ataondoka mikono mitupu, na nadhani ndiko swali la mwalimu wetu lilikoelekea. Mimi nasema hadithi haimo katika maneno. Imo katika zamu.

FANI

Muundo

Kila pambano linachezwa kwenye uwanja wa miraba 8 kwa 8, yaani 64. Wale waliokaa barazani watakumbuka kwamba bao letu la Kiswahili lina kete 64. Hiyo ni sadfa tu, lakini ni sadfa iliyonisaidia kuelewa. Babu yangu wa Pangani alinifundisha bao nikiwa msichana mdogo, ingawa wazee wenzake walinung'unika kwamba baraza si mahali pa mtoto wa kike. Katika bao hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Mashimo 32 yako wazi mbele ya macho ya wote, na ukifungwa huwezi kusema bahati mbaya. Babu alikuwa na kanuni moja ambayo hakuilegeza hata kwangu mimi mjukuu: kete ikishashuka shimoni hairudi mkononi.

Into the Breach imekwenda hatua moja mbele ya bao. Katika bao nayaona mashimo ya mwenzangu, lakini nia yake siijui. Hapa adui anatangaza nia. Kila Vek anasogea, anajipanga, kisha mshale unaonyesha atampiga nani, na namba inaonyesha wa kwanza ni yupi na wa mwisho ni yupi. Halafu mchezo unanyamaza. Hakuna saa inayohesabu. Unaweza kukaa dakika 20 ukiutazama uwanja, ukanywa na chai. Adui atakusubiri.

Nieleze zamu moja ili wasiocheza wanifuate. Tuseme dude moja limelenga jengo lililo mbele yake. Mashine yangu ya ngumi iko karibu, lakini ngumi moja haitaliua. Hata hivyo ngumi inasukuma. Nikilipiga kwa ubavu litahama mraba mmoja, na kwa kuwa shambulio linahama pamoja na mwenyewe, bado litapiga mbele yake. Sasa mbele yake hakuna jengo. Amesimama dude mwenzake. Kwa hiyo adui anamuua adui, mimi nimesukuma tu. Dude la pili limelenga jengo jingine kwa mbali, na silaha ya kulifikia sina, ila naweza kuisimamisha mashine yangu katikati ya njia, ipigwe yenyewe. La tatu limeilenga treni niliyoagizwa kuilinda. Mashine zimekwisha. Hapo ndipo mtu anakuna kichwa.

Unatazama tena, unakuta kwamba kifaru kingesukuma dude la tatu hadi majini lizame, lakini basi jengo la pili halina ngao. Jengo au treni? Huo ndio mgogoro, wasomaji wenzangu, na ni mgogoro halisi kama ule wa tamthiliya. Tofauti ni kwamba katika tamthiliya nakaa kitini namtazama mhusika akichagua. Hapa wanaonisubiri ni wahusika.

Mtindo

Kuna michezo ya zamu inayoamua mambo kwa asilimia. Katika XCOM ya mwaka 2012, kwa mfano, askari anaambiwa ana nafasi kadhaa kati ya 100 za kumpata adui, anafyatua, anakosa, na mchezaji anatukana. Into the Breach imeiondoa bahati ya namna hiyo. Silaha ikisema itapiga, inapiga. Bahati imeachiwa mahali pachache tu: mpangilio wa uwanja, aina ya maadui wanaokujia, na nafasi ndogo ya jengo kustahimili pigo. Slay the Spire, mchezo wa karata uliokamilika mwaka 2019, nao unaionyesha nia ya adui juu ya kichwa chake kabla hujatupa karata.

Mtindo huu una matokeo makubwa kwa hadhira. Unalifuta neno "ningejua." Sisi wanadamu, na hasa sisi wanafunzi, tunalipenda sana neno hilo. Ningejua swali la tatu litatoka. Ningejua desa lile lilikuwa la mwaka juzi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika mchezo huu majuto si mjukuu tena, ni mtoto wa kumzaa, yanakuja zamu ileile na yana sura yako.

Hata hivyo waandishi wake si wakatili. Wametoa rehema ndogo mbili. Ukisogeza mashine kabla hujafyatua, unaweza kuirudisha. Na katika kila pambano una ruhusa moja, moja tu, ya kuirudia zamu nzima. Nimeona kwamba ruhusa hii inafundisha zaidi kuliko kama isingekuwepo. Mwanzoni niliitumia mapema, kwa kosa dogo, kisha kosa kubwa likanikuta mikono mitupu. Baadaye nikajifunza kuitunza. Mwishoni nikagundua kwamba nikiitunza sana nafika mwisho wa pambano sijaitumia, na majengo mawili yameanguka bure. Babu asingekubali rehema hii. Lakini babu alikuwa anafundisha bao, hakuwa anasimulia kisa cha watu wanaorudi nyuma katika wakati. Hapa fani na maudhui vimeshikana mikono: mchezo unaohusu kurudia wakati unakupa kipande kidogo cha wakati wa kurudia.

Wahusika

Wahusika wakuu ni marubani. Anayekungojea mwanzoni kabisa anaitwa Ralph Karlsson. Ana picha ndogo ya uso, na vijisentensi viwili vitatu anavyovisema vitani. Kwa vigezo vyetu vya darasani ni mhusika bapa, bapa kama chapati. Lakini nilipigana naye mapambano mengi, akapanda cheo, nikamvusha kutoka dunia moja hadi nyingine kwa kuwa ndiye niliyemchagua kila niliposhindwa. Siku moja, saa nane za usiku, nilimsimamisha kwenye njia ya pigo nikiamini mashine yake itastahimili. Sikuhesabu vizuri. Mashine ilivunjika, Karlsson akafa. Pambano lililofuata mashine ile ikarudi ikiendeshwa bila mtu ndani yake.

Nilikaa kimya. Mwenzangu wa chumbani akaniuliza, "Vipi wewe, kuna nini?" Nikamwambia Karlsson amekufa. Akasema, "Hivi unalia kwa sababu ya gemu?" Sikuwa nalia, lakini sikuwa mbali.

Hapa ndipo nadharia inatakiwa itusaidie. Aristotle alieleza kwamba tanzia hutugusa pale ambapo anguko la shujaa linatokana na kosa lake mwenyewe, wala si uovu wake wala ajali tupu. Tanzia za jukwaani zinamweka kosa yule mhusika. Mchezo huu unamweka kosa yule anayetazama. Hadhira ya kisa cha Fumo Liyongo inajua tangu mwanzo kwamba sindano ya shaba itamwingia shujaa kitovuni. Inaumia, lakini haikuishika sindano. Mimi niliishika.

MTUNZI NI NANI?

Sasa nirudi kwenye swali la pili la mwalimu. Ma na Davis walitengeneza mashine, madude, silaha na sheria. Programu ikachagua ni vipi kati ya hivyo vikutane leo na katika mpangilio gani. Mimi nikacheza. Kisa cha kifo cha Karlsson kimetungwa na nani?

Tusiseme haraka kwamba jambo hili ni geni. Katika miaka ya 1930 Milman Parry na mwanafunzi wake Albert Lord walikwenda Yugoslavia kuwasikiliza waimbaji wa tendi ambao hawakujua kusoma. Matokeo yake Lord aliyaandika katika kitabu chake The Singer of Tales cha mwaka 1960. Waligundua kwamba mwimbaji hakariri utenzi mzima kichwani. Ana hazina ya mafungu ya maneno na matukio yaliyozoeleka, naye anautunga utenzi upya wakati uleule anapouimba, mbele ya watu. Kila utendaji ni utenzi mpya, na kila mmoja ni utenzi uleule. Sisi tuliosoma fasihi simulizi tunalijua jambo hili kwa bibi zetu pia. Bibi hasimulii ngano ileile mara mbili. Fisi yuko, sungura yuko, kisima kipo, lakini leo kisima kimekauka na jana kilijaa, kutegemea nani amekaa mkekani na nani amesinzia.

Michezo ya jamii ya Rogue ni hivyo hivyo. Hazina imetengenezwa kwa mikono ya watu, mpangilio unazaliwa papo hapo, na hadhira si mtazamaji tu bali inaingia katika utendaji. Kinachopungua ni kimoja, nacho ni kikubwa: mashine haioni kwamba umesinzia. Bibi anaona. Kwa hiyo sitasema kwamba kompyuta ni fanani. Nasema kwamba mtunzi hapa amegawanyika kama alivyogawanyika katika fasihi simulizi, na kwamba chombo cha kuuliza maswali ya namna hii tunacho tayari. Tatizo letu ni kwamba tukisikia neno kompyuta tunakimbilia nadharia za riwaya, wakati ndugu yake wa karibu yuko barazani na mkekani.

MAUDHUI

Dhamira kuu ni wajibu wa kuchagua pale ambapo huwezi kuwaokoa wote. Michezo mingi ya vita humpa ushindi yule aliyeua wengi. Hapa unaweza kuua madude yote ukashindwa, kwa sababu kinachohesabiwa ni majengo. Majengo yanatoa umeme unaoziendesha mashine zako, na umeme ukifika sifuri, dunia ile imekwisha. Unaweza pia kutoua hata mmoja ukashinda, maana pambano lina zamu chache tu, na ukistahimili hadi mwisho waliobaki wanarudi ardhini. Mchezaji mgeni hukimbilia kuua. Mchezaji aliyeiva huuliza kwanza: nani anaumia nisipofanya kitu?

Dhamira ya pili ni kushindwa kama elimu. Ukifa katika Rogue hubaki na silaha wala dhahabu. Unabaki na ulichojifunza. Mchezo unafuta kila kitu ila mchezaji, na hapa ndipo nilipoupata ule mvuto niliouulizia mwanzoni. Mtu harudi kwa sababu anapenda kushindwa. Anarudi kwa sababu ameiona zamu iliyomwangusha, anaweza kuitaja kwa namba, na anajua kwamba safari hii uwanja utakuwa mpya, hivyo kukariri hakutamsaidia. Atalazimika kuelewa.

Niliandika sentensi hiyo ya mwisho nikasimama kidogo. Sapu zangu mbili nilizipata kwa kukariri. Nilikuwa na madesa ya miaka mitatu, nikajua uwanja utakuwa uleule. Haukuwa. Kwa wiki kadhaa nilimlaumu aliyetunga mtihani, umeme uliokatika, bumu lililochelewa. Nilipokaa chini kuihesabu ile wiki ya mwisho kama ninavyohesabu pambano, nani alielekea wapi na mimi nilisimama wapi, niliiona zamu yangu mbaya. Ilikuwa Jumanne. Nililala.

Sidai kwamba gemu lilinifaulisha. Sapu moja nimefaulu, nyingine nasubiri matokeo. Nadai tu kwamba lilinipa namna ya kutazama, na kutupa namna ya kutazama ni kazi ambayo daima tumeidai kwa fasihi.

KUFAULU NA KUTOFAULU KWA WATUNZI

Watunzi wamefaulu sana kifani. Hakuna kitu cha ziada uwanjani. Kila mlima, kila mraba wa maji unaweza kukuokoa au kukuangamiza. Ni nadra kuikuta kazi ya sanaa iliyopogolewa hivi.

Kimaudhui wana upungufu, na sitaufunika kwa sababu ya mapenzi. Kwanza, tazama wananchi. Wako ndani ya majengo, mara mojamoja wanatoa sauti ya hofu au ya shukrani, lakini hawana majina wala nyuso. Wanahesabiwa kama umeme. Visiwa vyenyewe vinne vinamilikiwa na makampuni: Archive, R.S.T., Pinnacle na Detritus. Kila kisiwa kina mkuu wa kampuni anayezungumza nawe kwa jina lake. Kwa hiyo mwenye mali ana uso, mlalahoi ana taa ya dirishani. Mchezo hauulizi kwa nini baada ya gharika dunia ilibaki mikononi mwa makampuni. Unaichukua hali hiyo kama hali ya hewa. Mhakiki yeyote aliyelelewa katika mapokeo ya idara zetu ataligundua jambo hili kabla chai haijapoa, na atakuwa na haki ya kuliuliza.

Pili, kuna wale walioachwa nyuma. Kila ninaposhindwa, rubani wangu mmoja anapita kwenye ufa, na dunia yote ile inabaki kufa. Mara ya kwanza niliumia. Mara ya 40 nilibonyeza bila kufikiri. Mchezo uliokusudia kuupa uchaguzi uzito unaishia, kwa wingi wa marudio, kuuzoesha moyo. Waweza kusema ndilo somo lenyewe, kwamba hata huruma huota sugu. Lakini sioni dalili kwamba watunzi walilikusudia, na mhakiki asimvishe mtunzi kanzu ambayo hakuishona.

Tatu, muda. Wenzetu wanaosema magemu yanakula muda hawasemi uongo. "Pambano moja tu halafu nalala" ni sentensi niliyoisema usiku nisioweza kuuhesabu, na mara nyingi adhana ya alfajiri ilinikuta macho. Kwa sababu kila mchezo ni mfupi na kila mara ni mpya, hakuna sura ya mwisho ya kukufungia kitabu. Ubora wake na hatari yake vinatoka katika kisima kimoja.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba mvuto wa michezo ya zamu ya jamii ya Rogue hauko katika picha wala kelele, bali katika mambo matatu yanayokwenda pamoja. Kuna uwanja ulio wazi usioacha kisingizio, kifo kinachoupa kila uamuzi uzito, na mpangilio mpya unaokataa kukaririwa. Hadithi yake iko katika zamu, pale mtu anapotakiwa kuchagua na matokeo yakamwandama. Mtunzi wake amegawanyika kati ya mwandishi, mashine na mchezaji, kama alivyogawanyika kati ya jadi, fanani na hadhira katika fasihi simulizi.

Je, ni fasihi? Sitalazimisha. Lugha ndiyo malighafi ya fasihi, na mchezo huu umeiacha lugha mlangoni. Pengine ni ndugu wa bao zaidi kuliko wa riwaya. Lakini hata bao hatujaliandikia uhakiki wa kutosha, na nadhani deni hilo tulilipe kwanza. Anayetaka kunipinga, kurasa za jarida hili ziko wazi, na mwalimu wetu wa semina namwomba awe wa kwanza.

Mama nilimpigia simu Jumapili nikamwambia habari za zile sapu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ulikosea wapi?" Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu.